Mama Yatokanayo

Kiwanja hakikuwa na jina. Tulisema "kiwanjani" tu, na mgeni akiuliza kipi, alioneshwa kwa kidevu. Kilikuwa na ukubwa wa uwanja wa mpira na nusu hivi, kimeinama kidogo kuelekea kusini, na mikungu imepangwa upande wa barabara, na mwembe mmoja mkongwe ambao embe zake zilijaa nyuzinyuzi hata zikaachiwa watoto peke yao. Alfajiri walikizunguka wazee wenye sukari na presha, raba miguuni, taulo shingoni. Saa mbili chekechea ya jirani ilitoa watoto wake kuja kuimba. Mchana walimu wa udereva walifundisha watu kurudi nyuma katikati ya matairi mabovu. Kuanzia saa kumi ilikuwa chandimu, mechi tatu kwa mpigo, na mpira wa hawa ukiingia goli la wale hakuna aliyesimamisha mchezo. Jumamosi turubai la harusi, siku yoyote turubai la msiba. Sikukuu ya Idd waliswalia hapo wale ambao msikiti haukuwatosha, na mahubiri ya wiki nzima yalifanyika hapohapo kwa spika zilizotunyima usingizi. Wakati wa kampeni CCM walisimamisha jukwaa upande wa mwembe, wapinzani upande wa mikungu, kila mmoja siku yake, na vumbi tulilokula lilikuwa lilelile.

Mtaa wetu ni wa kupimwa. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ilichukua mkopo wa Benki ya Dunia, ikapima Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikachonga barabara, ikavuta maji na kugawa viwanja ili watu wajenge kidogokidogo kadiri ya mifuko yao. Maeneo mengine ya Dar es Salaam yakafuata mtindo huo, na letu ni mojawapo. Sitaitaja kata, wala manispaa, kwa sababu baadhi ya wahusika tungali tunakutana misibani na tunachangiana. Viwanja vya watu vilikuwa vidogo kwa makusudi, kwa hiyo wachoraji waliacha mahali pa wote: shule, soko, zahanati na maeneo ya wazi. Kwenye mchoro, eneo la wazi hupakwa kijani. Mwaka 2002 sensa ilihesabu watu karibu milioni 2.5 katika Dar es Salaam. Ile ya 2012 ikakuta milioni 4.36. Katika miaka hiyo kumi, mtu mwenye hela aliyefungua mchoro wa jiji aliliona lile doa la kijani na kuhesabu vyumba.

Mimi nilikuwa na steshenari kwenye kona ya kiwanja, chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu baba. Mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, mashine ya laminesheni, na kalamu za kuuza. Nilichapa barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga, wosia, risala za harusi. Mwenye steshenari hujua mambo ya mtaa kabla ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, maana karatasi hupita kwake kwanza, muhuri baadaye. Ndivyo nilivyomzoea Mama Diwani.

Alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake ina mnyororo, na alikuwa amestaafu utumishi wa umma baada ya kukaa miaka mingi masijala katika wizara moja. Watu hudhani masijala ni kazi ya kubeba majalada. Kumbe huko ndiko kila barua inapogongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba ya folio, inafungwa kwenye jalada, na rejesta inaandika jalada limekwenda kwa nani na limerudi lini. Aliyelelewa na kazi hiyo haamini habari isiyo na folio. Ukimwambia "nasikia wanataka kuuza soko," atakuuliza umesikia kwa barua ipi.

Alishinda udiwani katika uchaguzi wa Oktoba 31, 2010, kwa tiketi ya upinzani, mwaka ambao upinzani ulichukua majimbo ya Ubungo na Kawe. Kusema kweli hoja zake hazikuwa ndizo zilizompitisha. CCM katika kata yetu walikuwa wamegombana kwenye kura za maoni, na waliokasirika walikaa nyumbani siku ya kupiga kura. Mwenyewe alilisema hilo bila haya. "Mimi nimepita wakati wenyewe wamenuniana," alikuwa akisema, kisha anacheka mpaka anavua miwani.

Kwenye baraza la madiwani wapinzani walikuwa safu moja ya viti, na chama tawala kilijaza ukumbi uliobaki. Aliomba apangwe Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Wakampeleka Kamati ya Kudhibiti UKIMWI. Wenzake wa upinzani walitaka wasuse. Yeye alikwenda kwenye UKIMWI, akaifanya kazi hiyo vizuri tu, na huku nyuma akatumia kitu ambacho waliompanga hawakukifikiria. Mihutasari ya kamati zote za kudumu lazima iletwe mbele ya baraza kamili, na baraza hukutana kila robo mwaka. Yanayosemwa kwenye kamati asiyomo angeyakuta kwenye makabrasha, yamepigwa chapa na kuwekwa sahihi.

Makabrasha! Sijui kama wapigakura wanajua jinsi udiwani ulivyo kazi ya kusoma. Ni bunda la karatasi lenye unene wa msahafu: mapato na matumizi, taarifa za kata, zabuni, vibali, majibu ya hoja za ukaguzi. Yanatakiwa kumfikia diwani siku kadhaa kabla ya kikao. Ya kwetu yalizoea kufika jioni ya kuamkia kikao, yameletwa na dereva mwenye haraka. Basi Mama Diwani alikuwa anakuja nayo kwangu saa mbili usiku, kwa sababu mimi nilikuwa na jenereta ndogo na mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa mgawo wa umeme usio na huruma. Aliketi kwenye benchi, rula mkononi, penseli nyekundu sikioni. Rula aliiweka chini ya mstari na kuishusha mstari kwa mstari, ukurasa hadi ukurasa, hata kwenye majedwali. Akikuta kitu, alitia nukta ndogo pembeni, asiandike neno. Nilimuuliza kwa nini haandiki. Akaniambia karatasi huazimwa, na mwenye kuazima akiona maneno atajua utauliza nini.

Na alianza kusoma kwenye ukurasa ambao wengine waliuruka: yatokanayo. Kila kikao huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, halafu yale yaliyotokana nao, yaani nani aliagizwa nini na amefikia wapi. Madiwani wengi hulipita eneo hilo mbiombio ili wafike kwenye ajenda kubwa, na baada yake chakula na posho. Yeye alikaa hapohapo. Jambo likishaingia kwenye yatokanayo haliondoki mpaka pawe na maandishi kwamba limekwisha na limekwishaje, na kama hakuna anayeuliza, mwandishi wa vikao hulidondosha kimyakimya robo inayofuata. Yeye aliuliza. Aliuliza kuhusu ushuru wa maegesho, kuhusu asilimia tano ya wanawake na tano ya vijana ambazo halmashauri ilitakiwa kuzitenga kutoka mapato yake yenyewe, kuhusu tanki la maji la zahanati lililolipiwa na lisionekane. Diwani mmoja wa CCM, mtu wa utani, akambandika jina la Mama Yatokanayo. Lilimkaa, na nadhani alilipenda.

Sasa kiwanja. Usiku mmoja mwanzoni mwa 2011 rula ilisimama. Ilikuwa ni jedwali la maombi ya kubadili matumizi ya ardhi, ndani ya muhtasari wa Kamati ya Mipango Miji: namba ya kiwanja na kitalu, jina la mwombaji, matumizi ya sasa, matumizi yanayoombwa, maoni ya wataalamu. Mstari mmoja kuelekea chini ulisema matumizi ya sasa ni eneo la wazi, yanayoombwa ni makazi na biashara, maoni ni yakubaliwe. Mwombaji ni kampuni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia.

"Hii namba ya kiwanja unaijua?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Toka nje ukaitazame."

Nilitoka kweli, kama mjinga, na taa ya jenereta nyuma yangu. Vijana walikuwa wamekaa chini ya mwembe wanasikiliza redio.

Alinitaka nimpigie nakala nne za ukurasa ule, akalipa, maana hakuwahi kukubali bure, akaondoka na bodaboda. Hakumwambia mtu yeyote wa mtaani kwa wiki mbili. Wengine walikuja kumlaumu kwa ukimya ule, lakini alikuwa na sababu zake. Alitaka kwanza kujua sheria inasemaje. Alikuwa akiziita "nane mbili": Sheria Na. 8 ya 1982 inayoziunda mamlaka za miji, na Sheria Na. 8 ya 2007 ya Mipango Miji. Zote mbili nilimtolea nakala na kumfunga kwa springi. Matumizi ya ardhi hayabadilishwi kwa halmashauri kutaka tu. Wananchi wanapaswa kuarifiwa ili mwenye pingamizi aseme, na wizara ina kauli yake. Hapo ndipo aliposhikilia.

Vikao vya baraza kamili viko wazi kwa umma, ingawa wananchi wenyewe hawaendi. Nilifunga duka nikaenda, nikakaa kwenye viti vya nyuma pamoja na waandishi wawili na watu waliofuata kivuli na feni. Meya aliingia na joho na mkufu, madiwani wakasimama, dua ikasomwa. Mama Diwani alikuwa amewasilisha swali kwa maandishi mapema kama kanuni zinavyotaka. Likasomwa. Jibu likatolewa na ofisa aliyekaimu: eneo husika kwa muda mrefu halijaendelezwa, limekuwa maficho ya wahalifu, na mwekezaji ameonesha nia ya kuliendeleza.

"Mstahiki Meya," akasimama, "nashukuru kwa majibu. Nina swali la nyongeza. Eneo la wazi likiendelezwa linabaki kuwa la wazi?"

Ukumbi ukacheka, pamoja na wale wa upande wa pili. Meya akagonga nyundo. Mama Diwani akaendelea, sauti ileile ya masijala: "Na tangazo la kuwaarifu wananchi wa kata yangu lilibandikwa wapi, tarehe ngapi, na nakala yake iko folio namba ngapi?"

Ofisa akatazama nyuma kwa wasaidizi wake. Likajibiwa kwamba taarifa hiyo italetwa kikao kijacho. Mama Diwani akakaa. Waandishi walimfuata nje wakitaka maneno makali dhidi ya chama tawala, akawapa tarehe na namba ya kitalu. Siku ya pili hakukuwa na gazeti lililoandika chochote. Lakini mwandishi wa vikao alikuwa ameandika, "Taarifa kuletwa kikao kijacho," na kwa hilo alirudi nyumbani ameridhika kuliko nilivyowahi kumwona.

Baada ya hapo alikwenda mwenyewe kuliomba jalada. Siku ya kwanza liko kwa mkuu wa idara. Siku nyingine liko kwa mwanasheria. Hatimaye kijana wa masijala, ambaye alikuwa amefundishwa kazi na watu waliofundishwa na yeye, alimwekea mezani na kugeuka kupanga rejesta. Hakuruhusiwa kulipiga nakala, wala hakuomba. Alilipekua tu kwa kidole gumba, akisoma namba za juu kulia. Folio zilikwenda sawasawa mpaka mahali, zikaruka mbili, zikaendelea. Palipokosekana ndipo lilipopaswa kuwa tangazo na maoni ya kata. Jalada likamtoka mkononi lakini maelezo yake akayaandika kwenye basi, na usiku nikayachapa: folio zipi zipo, za tarehe gani, zipi hazipo. Katika miaka yote ya steshenari sijachapa karatasi nyingine ya ukurasa mmoja iliyowatia watu hofu kama ile.

Ijumaa Kuu, mtaa ukiwa nusu umesafiri, malori mawili yalikuja. Mafundi walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo za mirunda, wakapigilia mabati. Mpaka Jumapili ya Pasaka watu wakitoka kanisani kiwanja kilikuwa kimezungushiwa, mwembe uko ndani. Vijana walikusanyika na mitalimbo. Mama Diwani alikuja kwa miguu, bado na gauni lake la kanisani, akasimama kati yao na uzio.

"Shikamoo, mama," wakamwamkia, mitalimbo mikononi.

"Marahaba. Wekeni chini hivyo. Mkigusa bati moja, Jumanne wa kwanza kupelekwa polisi ni nyie, na kesi itakuwa ya bati. Ya kiwanja itakuwa imekufa."

Kulikuwa na kunung'unika. Mmoja alimwambia wazi kwamba amehongwa. Hakumjibu. Aliwaomba wamtafutie bikoni, yale mawe ya mpaka ya wapimaji, na walitumia mchana mzima kufukua kando ya mifereji wakiwa na ramani aliyoinunua wizarani, karatasi ndefu iliyokunjwa mara nyingi, mistari ya wino wa buluu. Walizipata tatu kati ya nne. Ya nne ilikuwa chini ya fremu za maduka upande wa kaskazini, kibanda cha simu, saluni na duka la vipuri, ambazo sote tulikuwa tumezizoea kwa miaka mingi bila kujiuliza zimetoka wapi. Hapo ndipo tulipojua kwamba kiwanja kilikuwa kimeshaanza kuliwa zamani, na wengine wetu tulinunua vocha ndani yake.

Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Wenyeviti wetu karibu wote walikuwa CCM. Hapo nadhani ndipo alipoonesha akili zaidi ya siku zote. Hakuileta hoja ya kiwanja yeye. Alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa mtaa mmoja, mzee aliyemzidi umri, akaanza na habari za wajukuu, akanywa chai, ndipo akamwomba yeye aisome. Mzee akaisoma. Muhtasari ukatoka na sahihi za watu wa vyama vyote, na barua ya kuusindikiza ikawa na orodha ndefu chini: nakala kwa Mkuu wa Wilaya, Katibu Tawala wa Mkoa, Kamishna wa Ardhi, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambayo wakati huo iliongozwa na Augustino Mrema wa TLP. Wizarani nako Waziri mpya, Anna Tibaijuka, alikuwa anayasema hadharani maeneo ya wazi yaliyovamiwa, kwa hiyo upepo ulikuwa mzuri kidogo. Majibu yaliyorudi yalikuwa mawili, yote yakisema barua imepokelewa. Aliyafungia kwenye jalada lake na kuyapa namba.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anahangaikia hivyo uwanja wa vumbi. Nilitarajia aniambie habari za hewa safi. Akanipeleka mbali, Mnazi Mmoja. Akasema mahali pale palikuwa mpaka: wakoloni waliacha ardhi tupu kati ya mji wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika ili watu wasichanganyike, na TANU wakaja kufanya mikutano hapohapo. "Waliotuwekea uwazi ili tukae mbali, sisi tukaujaza watu," akasema. Kisha akaongeza jambo la kisiasa tupu: chama cha upinzani hakina ukumbi, hakina redio, kina viwanja. Mwembeyanga kule Temeke, Septemba 2007, ndiko Dk. Willibrod Slaa aliposoma majina ya aliowaita mafisadi. Biafra, Jangwani, Tanganyika Packers, ni vilevile. "Wakivimaliza viwanja, sisi tutazungumzia wapi? Chooni?" Naukumbuka mkono wake ukipiga goti.

Robo ya pili, yatokanayo. Robo ya tatu, yatokanayo. Jibu lilikuwa moja, suala linafanyiwa kazi. Ndani ya mabati mkandarasi alikuwa amemwaga kifusi upande wa chini, ule wa kusini, kusawazisha.

Halafu ikaja mvua ya Desemba 2011. Kuanzia tarehe 20 ilinyesha mfululizo, na bonde la Msimbazi likajaa. Zaidi ya watu 40 walikufa Dar es Salaam, na wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande. Kwetu hakufa mtu. Ila maji ambayo miaka yote yalikuwa yanaingia kiwanjani, yanatuama siku mbili tatu na kunywewa na ardhi, safari hii yalikutana na kifusi, yakageuka, yakaingia majumbani. Nyumba ya yule mzee mwenyekiti ilikuwa ya kwanza. Nilimkuta asubuhi amepandisha makochi juu ya matofali, anayatazama. Katibu wa CCM wa tawi naye alipoteza friji. Siasa ya kiwanja ilibadilika wiki ile, na yeyote anayesema ilibadilishwa na hotuba anajipendekeza.

Kikao cha mwanzoni mwa 2012 nilikwenda tena. Inaonekana wenzetu wa chama tawala walikuwa wamekaa kikao chao cha ndani usiku. Ilipofika yatokanayo, kabla Mama Diwani hajanyanyua mkono, akasimama diwani mkongwe wa CCM kutoka kata jirani.

"Mstahiki Meya, mimi pale nimecheza namba tisa. Naomba kutoa hoja kwamba kibali kile kisitishwe na mabati yaondolewe."

Ikaungwa mkono, wakaulizwa, wakasema ndiyo kwa kishindo. Mpaka leo muhtasari unaonesha hoja ni ya yule mzee wa namba tisa. Nilimtazama Mama Diwani. Alikuwa amenyoosha mkono kuomba marekebisho: namba ya kitalu ilikuwa imesomwa vibaya. Ikasahihishwa.

Mabati yaling'olewa na mgambo wa manispaa siku ya kazi asubuhi, hakuna mgeni rasmi, hakuna maturubai. Kifusi kilichukua miezi kuondoka, watu walikichota kidogokidogo kujengea. Hakuna ofisa aliyeadhibiwa. Mmoja alihamishwa, na nasikia alipanda cheo huko alikokwenda. Fremu za kaskazini zilibaki, kwa sababu wenyewe walitoa barua za ofa zenye mihuri, na kila robo mwaka mpaka muda wake ulipokwisha aliuliza barua zile zilitolewa na kikao gani.

Wapigakura hawakumshukuru sana. Hili lazima niliseme, maana sasa kuna watu wanamsimulia kana kwamba alibebwa mabegani. Barabara ya nyuma ya shule haikuchongwa katika miaka yake yote mitano, kwa sababu fedha za barabara zilikwenda kwenye kata za wenye sauti, na yeye hakujua kubembeleza. Kwenye misiba alitoa rambirambi ndogo. Vijana walitaka jezi. "Anatuletea karatasi," walisema kijiweni, na kikombe cha kahawa hakijazwi karatasi. Mwaka 2015, upinzani ulipozoa Dar es Salaam na mwaka uliofuata kushika hata umeya wa jiji, yeye hakuwamo. Chama chake kwenye kura za maoni kilimchukua kijana mwenye gari la matangazo. Nilihudhuria kikao kimoja cha baraza lile jipya, wapinzani wa jana wakiwa wengi na CCM wakiwa safu ya pembeni. Makabrasha yaligawiwa asubuhi ileile, mlangoni, na aliyelalamika kwa sauti kubwa alikuwa diwani wa CCM. Nikampelekea Mama Diwani habari hiyo. Akasema mwenzake huyo anastahili kusaidiwa, na akaniuliza namba yake ya simu.

Katikati ya 2016 mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa, na zuio lile halikuondolewa mpaka Januari 2023. Kwa miaka hiyo upande wa mikungu haukuona jukwaa. Chandimu iliendelea, maturubai yaliendelea, wazee wa sukari waliongezeka.

Baada ya uchaguzi wa 2020, ambao uliwaacha wapinzani karibu mikono mitupu, diwani mpya wa CCM alikuja dukani kwangu akiuliza anapokaa Mama Yatokanayo. Fremu za kaskazini zilikuwa zimeanza kupandishwa ghorofa na hakuwa na karatasi hata moja ya kuanzia. Ofisini walimwambia jalada halionekani. Nilimpeleka. Mama alimkaribisha, akamsikiliza, akaingia ndani, akatoka na jalada la kamba, folio zimepangwa. Alimruhusu asome yote pale barazani. Nakala halisi hazikutoka mikononi mwake. Fotokopi tulipiga kwangu, mbele ya macho yake, na diwani alizilipia mwenyewe.